Hedseti Niliyoirudisha Myanga

Kiminini, Jumapili jioni

Nekesa mwanangu,

Ya chakula, ya sabuni, ya kanisa na ya watu wa kuogopa huko Nairobi, mama yako ameshakuambia, tena zaidi ya mara moja. Sitayagusa. Mimi nina jambo moja tu, na nimeshindwa kulisema kwa mdomo kwa sababu unaijua sauti yangu. Kisiagi hiki cha kusaga mahindi kimeniharibia kipimo. Nikidhani nanong'ona, watu wa duka la pili wanageuka. Na hili si la duka la pili. Ndiyo maana wewe na mama yako mlipoondoka kwenda Kitale kuchukua koti lako nilifunga kisiagi mapema, nikakalia gunia karibu na dirisha, naandika kukiwa bado na mwanga.

Ni kuhusu hedseti, ile ya rubani ya kuvaa masikioni. Si hii mpya iliyo kwenye begi lako. Ni ile kuukuu uliyoikuta stoo chini ya magunia, ukaniuliza swali, nami nikakudanganya.

Lakini siwezi kuanzia hapo. Lazima nianzie Tongaren, kwa baba yako mkubwa Wanjala.

Unajua kwamba aliuawa na mashine ya kupukuchua mahindi. Unajua nilikuwepo. Watu wote wanajua niliyowaambia: kwamba ilikuwa ghafla, kwamba hakupata hata nafasi ya kupiga kelele. Wewe ulikuwa na wiki sita, umezaliwa mahindi yakivunwa, na hilo jina lako ni yeye aliyelitaja kwanza alipokuja kukuona. Tulikuwa tunazunguka mashamba ya Tongaren na mashine moja iliyozungushwa na trekta. Wanjala alilisha mahindi. Mimi nilisimama kwenye trekta, na kazi yangu ilikuwa moja tu: akiita, nizime.

Sasa sikia, mwanangu. Sikio langu la kushoto lilikuwa limeanza kufa miezi mingi kabla ya siku hiyo. Nilijua. Nilikuwa nimezoea kuitikia kwa kichwa maneno nisiyoyasikia, kucheka wenzangu wakicheka. Niliogopa kwamba Wanjala akijua atamweka mtu mwingine kwenye trekta, na mimi nina mtoto mchanga nyumbani. Asubuhi hiyo tulikuwa nyumbani kwake, na kabla hatujawasha, aliniangalia akauliza, "Barasa, unanisikia vizuri lakini? Juzi nilikuita ukanyamaza." Nikamjibu, "Nakusikia, bana. Washa."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia ndugu yangu.

Mkono wa koti lake ulishikwa na kile chuma kinachozunguka kati ya trekta na mashine. Nilikuwa nimempa mgongo, hatua kumi hivi, natazama mzee mmoja akipita barabarani na ng'ombe wake. Nikaona huyo mzee anaanza kukimbia kuja kwangu huku amefungua mdomo. Nikashangaa anakimbilia nini. Nilipogeuka kulikuwa hakuna tena la kuzima.

Yule mzee alinishika shati. "Kijana, amekuita mara tatu! Barasa, Barasa, Barasa! Mimi nimesikia niko barabarani, wewe uko hapa, hukusikia?"

Nikamshika mkono nikamwomba asiseme. Kabla hata sijamfunika ndugu yangu, Nekesa, niliomba hilo kwanza. Mzee akanitazama muda mrefu, akawafuata ng'ombe wake. Alikufa miaka michache baadaye na hakusema kwa mtu. Mama yako mkubwa Rosa, mkewe, alipotoka mbio jikoni, nikamwambia, "Shemeji, hakuita. Hakusikia uchungu." Akaniangalia usoni, akaketi chini kwenye magunzi.

Basi. Hilo ndilo nimelibeba tangu ukiwa wa wiki sita.

Mwaka huu shule ya urubani ilipokutumia orodha ya vitu vya kununua, ulinisomea hapa hapa kisiagini. Ramani, saa ya mkono, miwani, hedseti. Nikauliza hedseti ya nini, kwani ndege haina spika? Ukacheka. Ukanieleza kwamba ndani ya ndege ndogo kelele ni kama ya humu, na bila hedseti humsikii mwalimu aliyeketi bega kwa bega nawe, sembuse watu wa mnara wanaoongoza ndege. Uliendelea kuongea, ukataja aina na bei, lakini mimi sikuwa nakufuata tena. Nilikuwa nawaza juu ya mtu aliye karibu asiyesikika.

Nilitaka tuuze ng'ombe tununue ile ghali ya betri, inayoua kelele yenyewe. Ukakataa. "Baba, hiyo nitajinunulia nikianza kulipwa. Wanafunzi wengi wanaanza na ile ya kawaida, inafunika sikio tu na inatosha." Mimi kwa akili yangu nikaona njia ya katikati: nitafute ile nzuri, lakini iliyotumika. Mteja mmoja akaniambia Myanga kuna mama ambaye marehemu mwanawe alikuwa rubani, na hedseti yake inauzwa. Sikukuambia. Nilitaka kukushangaza.

Nilifika kwa huyo mama mchana, mvua imeanza. Watu wanamwita Mama Simiyu, kwa jina la huyo kijana. Nyumba safi, viti vina vitambaa vyeupe, na hedseti iko peke yake katikati ya meza. Mvua ilikuwa inapiga mabati hadi tunaongea kwa kupaza sauti. Nikamuuliza kama kijana alianguka na ndege. Akasema hapana, aliugua homa, akafia kwenye chumba hicho hapo, na hedseti ilikuwa imetundikwa ukutani juu ya kitanda chake.

Nikauliza bei. Akasema, "Vaa kwanza."

"Mama, mimi siyo rubani. Ni ya binti yangu."

"Vaa. Wamekuja wawili kabla yako. Mmoja ametoka Kitale na pesa mkononi. Wamevaa, nimewauliza mnasikia nini, wakasema hakuna. Nimewarudisha."

Nikavaa. Mvua ikapotea. Niliona maji yakimwagika dirishani lakini sauti yake ilikuwa imeondoka kabisa, kama mtu amefunga mlango mzito. Nikasikia damu yangu ikipiga upande wa kulia. Nikasema moyoni, hii ni nzuri, hii itamfaa mtoto. Waya ulikuwa umelala mapajani mwangu, plagi inaning'inia, haijachomekwa popote.

Ndipo nikasikia pumzi upande wa kushoto.

Daktari wa Bungoma alishaniambia zamani kwamba upande huo umekufa, hata bunduki ikilia hapo sitajua. Lakini nilisikia mtu anavuta pumzi, kama aliyekimbia. Halafu akasema, "Barasa." Akanyamaza. "Barasa." Akanyamaza kidogo tena. Ya tatu ilikuwa ndogo zaidi.

Niliivua nikaiweka mezani polepole. Mama Simiyu alikuwa ananitazama kinywani, kama vile anasoma.

"Anakuita nani?" akauliza.

Nikaanza kuukunja ule waya.

"Mimi mwanangu huniita mama," akasema. "Kila siku saa za jioni. Nimechoka, baba. Nataka nyumba inyamaze. Ichukue."

Nikaichukua, Nekesa. Nisikudanganye tena: wakati natoka pale sikuwa nakuwaza wewe. Nilipofika hapa niliificha stoo, na kwa wiki tatu, kila ulipofika wakati wa chakula cha mchana, nikafunga mlango nikaivaa. Ndiyo maana chakula mama yako alichokuwa akileta kilikuwa kinarudi. Nilikuwa naketi gizani kati ya magunia namsikiliza ndugu yangu akiniita. Mara tatu kila siku, hazizidi, hazipungui. Unaweza kudhani niliogopa. Siku ya kwanza, ndiyo. Baadaye ilikuwa mbaya kuliko woga: nilianza kungoja. Nilikuwa nawafukuza wateja. Mwanamke mmoja alikuja na debe lake la mahindi nikamwambia mashine ni mbovu, na haikuwa mbovu.

Halafu Jumanne moja ukaja kutafuta gunia tupu, ukaiona hedseti.

Unakumbuka. Mimi nilikuwa mlangoni. Uliipindua mikononi kama fundi. Ukabonyeza vile vijimto vya masikio, ukasema vimekauka, vimepasuka, vitapitisha kelele na vitakuumiza. Ukakunja mkono wa maikrofoni ukasema una kutu. Ukashika plagi ukacheka. "Baba, nani amekuuzia? Hii ni ya helikopta. Ona, plagi ni moja. Ndege tutakayotumia ina matundu mawili." Nilifurahi, unajua? Nilifurahi kwamba haikufai. Nikanyoosha mkono nikuambie leta. Lakini ulikuwa umeshaivaa.

Ulisimama tu. Tabasamu likakutoka kidogo kidogo. Ukaishusha shingoni ukageuka nyuma, pale penye magunia.

"Baba, umeniita?"

"Hapana."

"Kuna mtu ameita."

"Amekuita wewe?"

"Hapana." Ukafikiri. "Ni kama anaita mtu aliye nyuma yangu. Ati Barasa. Si hilo ni jina lako?"

Nikakuambia ni waya mbovu, unashika redio ya jirani. Uliangalia plagi ikining'inia hewani, ukaniangalia mimi. Ulilichukua lile gunia ukaenda. Hilo ndilo swali ninalolijibu leo. Hukuota. Ulisikia, na hakuwa anakuita wewe.

Kesho yake niliirudisha Myanga. Niliogopa kwamba siku moja utaivaa tena na jina litakuwa lako.

Mama Simiyu hakushangaa. Alikuwa amekonda. Akaipokea kwa mikono miwili, akaniambia nyumba ilipokuwa imenyamaza ndipo alipokosa usingizi kabisa. Ati kimya kile kilikuwa kinatembea vyumbani. Nilipotaka kuondoka akauliza, "Wewe ulikuwa unamjibu?"

"Kumjibu nani?"

"Huyo anayekuita. Mimi humjibu Simiyu wangu. Namwambia niko jikoni, nakuja. Anatulia mpaka kesho. Wewe umekaa naye wiki tatu humjibu, bana?"

Haikuwa imenijia hata mara moja. Nikaketi kwenye kile kiti chenye kitambaa, nikavaa. Pumzi ikaja. "Barasa." Nikafungua mdomo. "Barasa." Nikasema, kwa hii sauti yangu ya kisiagi, hadi kuku wakakimbia mlangoni, "Wanjala! Sikukusikia! Asubuhi uliponiuliza nilikudanganya, sikio langu lilikuwa bovu. Nimegeuka sasa. Niko hapa."

Nikangoja. Nilingoja mpaka shingo ikauma. Ya tatu haikuja.

Sijui lile lilikuwa nini. Huenda daktari angesema ni mshipa uliokufa unajikumbuka. Lakini wewe masikio yako ni mazima, na ulisikia. Sitakulazimisha uamini jambo ambalo mimi mwenyewe sijaliweka mahali pake. Tangu siku hiyo upande wa kushoto uko kimya, na ninageuka njiani bila sababu nikidhani nimeitwa.

Baada ya hapo nilikuachia uchague mwenyewe, na nilijifunza kwa kukutazama. Ulisoma siku nne kabla ya kuagiza. Uliacha zenye rangi nzuri. Ulitaka kwanza kujua kama vijimto na maikrofoni vinapatikana Nairobi vikiharibika, na kama muuzaji ataipokea tena ikiwa na kasoro. Kifurushi kilipofika uliniomba niwashe kisiagi, ukasimama karibu na injini na miwani yako ya kusomea ikiwa usoni, ili uijaribu kwa saa nzima. Watu wa steji ya magari walikuja kuchungulia. Baada ya nusu saa ukaivua.

"Inabana juu ya masikio, pale miwani inapita."

"Tuirudishe?"

"Ngoja, Baba." Ukalegeza kwa vidole lile tao linalopita juu ya kichwa, ukasogeza miwani, ukavaa tena. Ilipofika mwisho wa saa ukaniita niongee. Nikaongea kawaida, au nilivyodhani ni kawaida. Ukatikisa kichwa. "Sijasikia. Rudia." Nikarudia. "Bado. Rudia." Ya tatu nayo ukaikataa, ya nne ukainua kidole gumba. Watu wa steji walicheka sana, na mimi nikajifanya nimeingiwa na vumbi la unga machoni. Mwanangu, hukuona haya hata kidogo. Mbele ya watu wote ulisema hujasikia. Mimi nilikuwa na umri mkubwa kuliko wako wa sasa nilipokosa kusema neno hilo dogo.

Sitaki kukufundisha urubani. Nakuomba tu hivi. Huko juu kutakuwa na mwalimu mkali, na sauti za haraka za Kiingereza cha redio, na wenzako watakaojifanya wameshika kila kitu. Fanya kama ulivyofanya kisiagini. Siku utakayoona unaitikia kwa kichwa kitu ambacho hukukisikia, hata ardhini, hata kantini, ujue hilo linatoka kwangu, na uliache. Na usione hedseti ya bei nafuu ni aibu. Yako inatosha kichwa chako. Ibadilishie vijimto kabla havijawa vigumu. Masikio hayana vipuri, nimetafuta.

Bado kidogo, halafu nimalize, kwa sababu gari lenu litakuwa limeshatoka Kitale.

Jana nilikwambia nimeenda kununua grisi. Nilienda Tongaren. Mama yako mkubwa Rosa alikuwa anaanika maharagwe uani. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, lakini nilipofika nikasema moja kwa moja, nikiwa nimesimama: "Shemeji, nilikudanganya. Wanjala aliita. Mimi nilikuwa kiziwi na nikaficha. Aliita mara tatu."

Akaacha maharagwe. Nilidhani atanifukuza, na nilikuwa tayari.

"Najua aliita," akasema. "Nilisikia niko jikoni."

Nikaketi kwenye turubai juu ya maharagwe yake.

"Wewe ulisikia? Na hukuniambia miaka yote hii?"

"Nilisikia sauti, lakini mashine ilikuwa inaunguruma, jina sikulishika." Alikuwa anajifuta mikono kwenye leso, anajifuta tena na tena ingawa ilikuwa mikavu. "Shemeji, nataka uniambie ukweli. Alikuwa anaita nani?"

"Alikuwa ananiita mimi. Mzee wa ng'ombe alilisikia jina. Barasa, akasema."

"Una hakika? Siyo Rosa?"

"Barasa. Nina hakika kabisa."

Akafunika uso na ile leso. Mabega yakaanza kutetemeka, na sikujua kama analia au anacheka. Aliposhusha leso alikuwa anafanya yote mawili.

"Nilidhani ni mimi," akasema. "Nilidhani anaitisha chai. Nikasema hebu angoje kidogo, moto umeshika. Nimekuwa nikisema hivyo kila siku, Barasa. Kila nikiwasha moto. Na wewe uliposema hakuita, nikafikiri unajua kwamba nilimwacha angoje, na unanifichia aibu yangu."

Uongo wangu niliuona mzuri, Nekesa. Niliamini umemlinda. Kumbe ulikuwa umemfungia ndani ya jikoni lile muda wote huo, na funguo ninatembea nazo mfukoni.

Tulikaa hapo mpaka jua likahama na maharagwe yakaanza kunyonya unyevu. Tukayaokota pamoja. Wakati naondoka aliuliza habari zako, na safari ni saa ngapi. Kesho asubuhi utamkuta steji kabla yetu. Hajui kwamba wewe pia ulisikia. Kumwambia au kutomwambia ni juu yako, wala sitakuuliza umeamua nini. Ila akikukumbatia kwa muda mrefu kuliko ulivyozoea, mwache.

Nawasikia mko getini. Kwa sikio la kulia.

Baba yako,
Barasa